Namna ya kupima mamlaka ya mahakama juu ya kosa lililotendwa nje ya mipaka

Anayeanza kazi ya sheria, akikabidhiwa hati ya mashtaka ya kosa lililotendwa nje ya nchi, hukimbilia kifungu kinacholitaja kosa lenyewe. Ni afadhali atafute kwanza kifungu kinachoeleza sheria hiyo inafika wapi, kwani hapo ndipo mapingamizi hujengwa.

Chukua shauri la watuhumiwa tisa waliofikishwa mahakamani Mombasa kwa madai ya kuishambulia meli MV Courier katika Ghuba ya Aden mwezi Machi 2009, baada ya kukamatwa na manowari ya Ujerumani. Kifungu cha 69 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilitaja waziwazi uharamia wa bahari kuu, ilhali kifungu cha 5 kiliyaweka mamlaka ya mahakama ndani ya Kenya na maji yake. Viweke vifungu hivyo pamoja, kisha uulize kipi kinamtawala mwenzake. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilijibu kuwa ni cha 5, ikazuia kesi isiendelee. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, ikieleza kwamba uharamia ni kosa ambalo dola yoyote inaweza kulihukumu.

Halafu usome mkataba kwa maneno yake. Ibara ya 105 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 inairuhusu kila dola kukamata chombo cha maharamia katika bahari kuu, na kuongeza kwamba mahakama za dola iliyokamata zaweza kuamua adhabu. Hapa Ujerumani ilikamata, Kenya ikashtaki. Wakili wa utetezi asiyeliona pengo hilo amelala, ingawa kwa maoni yangu neno "zaweza" haliwafungii wengine mlango.

Angalia pia mkataba unaingiaje nchini: Kenya, kwa ibara ya 2(6) ya Katiba ya 2010, mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria, Tanzania unahitaji kutungiwa sheria na Bunge.

Mwisho ni tarehe. Tendo ni la Machi 2009, Katiba ni ya Agosti 2010, na kifungu cha 69 kilifutwa na Sheria ya Meli za Biashara ya 2009 kesi ikiwa bado mahakamani. Ziandike pembeni mwa hati ya mashtaka kabla hujaandika hoja hata moja.