Namna ya kulinganisha pato la huduma la Marekani na la kwetu

Ukiambiwa kwamba Mmarekani mmoja anazalisha huduma mara 150 kuliko Mtanzania, usikubali wala usikatae mpaka ujue hesabu imepigwaje. Nafundisha uchumi kidato cha tano na cha sita hapa Mbeya, na inaniuma kijana anapoisoma namba hiyo kama kipimo cha uvivu wetu.

Kwanza ujue unapima nini. Pato la huduma si mauzo. Ni kile kinachobaki baada ya kutoa vilivyonunuliwa kwa wengine. Chukua kinyozi wa Mwanjelwa, hapa mjini Mbeya: akinyoa vichwa 12 kwa shilingi 2,000, ameingiza 24,000. Toa umeme wa LUKU, spiriti, nyembe na kodi ya fremu ya siku hiyo, tuseme 7,000. Zile 17,000 zilizobaki ndizo zinazoingia kwenye Pato la Taifa kwa jina lake. Kodi ya fremu haipotei, inahesabiwa kwa mwenye jengo. Ukijumlisha mauzo matupu, shilingi moja utaihesabu mara mbili.

Kisha tafuta takwimu za mwaka mmoja kwa nchi zote mbili, kwa bei za mwaka husika. Benki ya Dunia inazitoa bure mtandaoni, na za kwetu ziko pia Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mwaka 2023 Pato la Taifa la Marekani lilikuwa karibu dola trilioni 27.7, na huduma ni zaidi ya robo tatu yake. La Tanzania lilikuwa karibu dola bilioni 79, huduma zikiwa theluthi moja hivi. Gawanya kwa idadi ya watu: Marekani zaidi ya dola 60,000 kwa kichwa, sisi kama 400. Hapo ndipo ile 150 inapotoka, na wengi huishia hapo.

Usiishie hapo. Kama kinyozi wa Chicago anatoza dola 25, kwa dola ya shilingi 2,500 hiyo ni 62,500. Nywele zilezile, mashine ya aina ileile, nusu saa ileile, lakini kazi yake inahesabiwa mara 31 ya kazi ya Mwanjelwa. Wanauchumi Béla Balassa na Paul Samuelson walieleza sababu mwaka 1964, kila mmoja kwa kazi yake. Mchele wa Kyela unapakiwa kwenye lori ukauzwa nchi nyingine, kwa hiyo bei za bidhaa huvutana. Kunyoa hakupakiwi. Kinyozi wa nchi tajiri hulipwa vizuri kwa sababu wateja wake wanafanya kazi zenye tija kubwa, na asipolipwa vizuri ataiacha saluni akafanye kazi nyingine.

Kwa hiyo rudia hesabu kwa ulinganifu wa uwezo wa kununua, unaotokana na bei zinazokusanywa nchi kwa nchi na kuratibiwa na Benki ya Dunia. Kinachonunuliwa kwa dola moja Marekani, hapa kinapatikana kwa karibu theluthi ya dola. Ile 150 inashuka mpaka 50 hivi. Na theluthi hiyo ni wastani wa bidhaa na huduma pamoja. Huduma peke yake ni rahisi zaidi ya hapo, kwa hiyo pengo la kweli ni dogo kuliko 50.

Ila usiseme sasa kwamba pengo lote ni bei. Kaa saluni siku ya katikati ya mwezi uone. "Mwalimu, mikono ipo, vichwa ndiyo havipo," kinyozi mmoja aliniambia. Bei ya viazi ikiwa nzuri Uyole, benchi lake linajaa. Ikianguka, anashinda anafuta mashine. Huo ni upungufu halisi wa pato, na chanzo chake kiko shambani. Vivyo hivyo benki, bima na programu za kompyuta: huko Marekani inatupita kwa kweli, na inauza hata nje.

Kuna huduma ambazo hazina bei kabisa. Somo langu haliuzwi, kwa hiyo pato la shule ya serikali hupimwa kwa gharama zake, hasa mishahara. Wanafunzi wakielewa au wasielewe, pato ni lilelile. Marekani hutumia karibu asilimia 17 ya Pato la Taifa kwenye afya, na bado Wajapani wanaishi muda mrefu kuliko wao. Usichukue ukubwa wa pato kuwa ndiyo ubora wa huduma.

Angalia pia mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake na muundo wa uchumi wake ndio msingi wa hesabu. Nigeria ilipouhamisha kutoka 1990 kwenda 2010, pato lake la mwaka 2013 lilipanda kwa asilimia 89 kwenye karatasi, kwa kuwa simu, filamu na biashara nyingi zilikuwa hazijahesabiwa ipasavyo. Takwimu zetu za 2023 zilitumia kizio cha 2015. Ukilinganisha nchi mbili za Afrika, hilo litazame kabla ya jingine lolote. Na bibi wa Mafinga anayelea mjukuu hayumo kwenye hesabu yoyote, wakati mlezi wa kulipwa wa Marekani yumo.

Mwisho, zitenge huduma zinazovuka mpaka. Dereva anayelipwa kwa dola kupitisha shehena mpakani Tunduma kwenda Zambia au Kongo anashindania soko moja na malori ya nchi jirani, na bei yake haitegemei mfuko wa mteja wa Mbeya. Huyo mlinganishe kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha benki. Uwezo wa kununua uuache kwa kinyozi, mamantilie na bodaboda.