Namna ya Kuwafundisha Wanakwaya Jina Yehova-yire Kabla ya Kuliimba

Mwalimu wa kwaya anayetaka waimbaji wake walielewe jina Yehova-yire asianze na kinanda. Aanze na Mwanzo 22, aya ya 1 hadi ya 14, pale Ibrahimu anapoamriwa na Mungu amtoe mwanawe Isaka awe sadaka, bila kuruka, kwa sababu aya ya 14 ikisomwa peke yake hugeuka kuwa ahadi ya kupewa vitu tu.

Wakifika hapo, awaonyeshe neno moja: Ibrahimu “akapaita” mahali pale Yehova-yire. Hiyo “pa” ni ya mahali. Jina lilipewa mlima, pale kondoo dume alipoonekana amenaswa pembe zake kichakani, na waabuduo ndio waliolichukua baadaye wakamwitia Mungu mwenyewe. Sioni kosa katika hilo, ila mwimbaji na alijue.

Kisha ije maana. Tumezoea kulitafsiri “Bwana atatupatia”, ilhali mzizi wake ni kitenzi cha Kiebrania chenye maana ya kuona, hivyo jina linasema kwanza “Bwana ataona”, kama vile mzazi aliyedaiwa ada anavyomwambia mwanawe, “Nenda kalale, nitaona la kufanya.” Kitenzi hichohicho kimo katika aya ya 8: Isaka alikuwa ameuliza alipo mwana-kondoo, na baba yake akamjibu kwa kitenzi hicho kabla hajaona hata ukwato.

Hapa mwalimu asiharakishe. Sisi wa Mwanza tunazijua siku za mbalamwezi, ambapo mitumbwi ya dagaa, wavuliwao kwa taa usiku wa giza, hulala mchangani, taa zimezimwa, na vichanja vya kuanikia vimebaki vitupu. Awaulize waimbaji, ambao baadhi yao wanaishi kwa dagaa hao, kama wangeliimba jina hili siku hizo, au wangengoja giza lirudi na nyavu zijae. Awaache wajibu wenyewe, hata kama mazoezi yatachelewa.

Matamshi hayahitaji muda mrefu: ni “yire”, si “jire”, kwa kuwa herufi ya kwanza ya Kiebrania hutamkwa y. Wayahudi wasomapo huliepuka jina lenyewe la Mungu na kusema Adonai, yaani Bwana, na ndiyo sababu Biblia zetu nyingi huandika BWANA kwa herufi kubwa.

Sasa kinanda kiwashwe. Sauti ya kwanza ilianze “ataona” polepole, na besi izuiwe, maana besi zetu hupenda kukimbilia “atatupatia”.