Mtoto atajuaje kama vitu vimechanganyika tu au vimemenyuka?

Walimu na wazazi wenzangu hapa Uganda, watoto wengi wa P.5 mpaka P.7 (darasa la tano mpaka la saba) wamekariri kwamba ukiona mapovu au rangi imebadilika basi huo ni mmenyuko wa kikemikali, yaani vitu vimegeuka kuwa kitu kingine kipya, sasa muulize mbona maji yakichemka yana mapovu na bado ni maji, anakwama. Mzoeshe swali moja tu: hapa kuna kitu kipya ambacho mwanzo hakikuwepo?

Anza na chumvi. Akoroge kijiko kimoja kwenye maji kidogo, amwage kwenye sahani pana, aanike juani. Maji yatakauka na chumvi ataiona imebaki. Hapo mtajie Ziwa Katwe kule Kasese, watu wanavuna chumvi kwenye vidimbwi kwa jua hilohilo. Chumvi ilikuwemo muda wote, haionekani tu. Mchanganyiko wa maharage na mchele usipoteze muda nao, atachambua kwa mkono ataelewa.

Sukari ndo ina somo lenyewe. Kwenye chai imeyeyuka tu, utamu uko palepale. Sasa weka vijiko viwili kwenye sufuria kavu, moto mdogo, na sufuria ushike wewe mkubwa maana sukari ya moto inaganda kwenye ngozi na inaunguza vibaya sana. Mtoto aangalie kwa mbali na anuse: inageuka kahawia, harufu inakuwa nyingine, ukiiacha inatoa moshi inakuwa nyeusi na chungu. Ikipoa mpe hiyo nyeusi aitie maji, aone kama atapata ile sukari ya mwanzo. Hapati, imeshakuwa kitu kingine.

Ila tafadhali usimfundishe kwamba kisichorudi ndo kimemenyuka, maana karatasi ukiichanachana hairudi vile ilivyokuwa na bado ni karatasi. Mrudishe kwenye swali lake.

Halafu magadi, yale ya kulainishia maharage. Tia kijiko kwenye puto, maji ya ndimu kwenye chupa, vika puto mdomoni mwa chupa kisha liinue magadi yaanguke ndani. Puto linavimba lenyewe, na ile hewa ni kaboni dioksaidi, haikuwepo kwenye ndimu wala kwenye magadi vikiwa mbalimbali. Usiseme jibu haraka, mwache abishane na wenzake hewa imetoka wapi, hapo ndo anajifunza kweli.

Na watoto wakishaonja haya watataka kuchanganya kila chupa ya nyumbani, kwa hiyo jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo, ifungie kabisa: ikikutana na ndimu, siki au dawa ya choo inatoa gesi ya klorini, inaumiza mapafu, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi kabla hamjaanza.