Namna ya kushona sketi ya kumbukumbu yenye pindo la papel picado

Kila tarehe 1 na 2 Novemba, katika Siku ya Wafu, familia nyingi za Meksiko huwakaribisha nyumbani marehemu wao: siku ya kwanza watoto, ya pili watu wazima. Mezani huwekwa picha ya marehemu, chakula alichokipenda, mishumaa, ubani wa kopali na maua ya rangi ya chungwa yaitwayo cempasúchil. Juu hutundikwa papel picado, karatasi nyembamba zilizotobolewa picha. Karatasi hizo ndizo tutakazozigeuza kuwa vibendera vya kitambaa kwenye pindo la sketi.

Kabla hujagusa mkasi, elewa kwamba meza ile huandaliwa mtu mwenye jina. Mbunifu anayejaza mafuvu tu, alama maarufu ya sikukuu hiyo, kwenye nguo amebeba mapambo na kumwacha mgeni mlangoni.

Hatua ya 1: Chagua unayemkumbuka

Orodhesha vitu vyake vinne au vitano: kama alikuwa mvuvi, samaki na nyavu, kama alikuwa fundi, cherehani. Hivyo ndivyo vitakavyochorwa, pamoja na jina lake.

Fuvu mimi hulipa kibendera kimoja tu. Lile fuvu maarufu lenye kofia ya maua, Catrina, lilichorwa na msanii wa Meksiko José Guadalupe Posada (1852–1913) kuwakejeli watu walioona haya asili yao ya kienyeji. Gauni refu alivishwa baadaye na mchoraji Diego Rivera, kwenye mchoro wa ukutani wa mwaka 1947. Ukilitumia, litumie ukijua linamsema nani. Tarizi za jamii mahususi, kama maua ya wanawake wa Tehuantepec, kusini mwa Meksiko, usizinakili. Zina wenyewe, na tangu 2022 Meksiko ina sheria ya kulinda urithi huo.

Hatua ya 2: Kata sketi

Chukua mita 1.5 ya krepu nyeusi yenye upana wa sentimita 150. Gawanya kipimo cha kiuno kwa 6.28. Kiuno cha 72 kinatoa 11.5, ongeza urefu wa sketi, 60, unapata 71.5. Kunja kitambaa mara nne, chora robo duara mbili kutoka kwenye kona ya mikunjo, moja ya 11.5 na nyingine ya 71.5, ukiacha sentimita 1 ya mshono juu na chini. Chana mkunjo mmoja kwa ajili ya zipu. Itundike usiku kucha, kwa sababu sehemu za mshazari hurefuka. Asubuhi sawazisha chini.

Hatua ya 3: Chora vibendera

Mzunguko wa chini wa sketi ni takriban sentimita 449, kwa hiyo vibendera 16 vya upana wa 28 vinaenea. Kimo kiwe 26, moja ikiwa ya mshono.

Hapa ndipo kazi ilipo. Mafundi wa San Salvador Huixcolotla, jimbo la Puebla, hupanga karatasi rundo na kuzitoboa kwa patasi na nyundo, na kila kinachobaki lazima kishikane na kingine. Chora samaki, kisha jicho lake: ukitoboa mwili wote, jicho halina pa kujishika, litadondoka. Acha daraja la angalau milimita 5 kutoka jichoni hadi ukingoni. Herufi A, B, D, O, P na R zinataka daraja hilo hilo katikati. Paka wino mweusi kila patakapotobolewa, halafu fuatisha kwa kidole sehemu nyeupe; kidole kikikwama, ongeza daraja.

Hatua ya 4: Kata kwa moto

Nunua oganza ya poliesta, sentimita 60 kwa kila rangi: waridi, zambarau na chungwa (ya chungwa chukua mita nzima). Ijaribu kwa kiberiti: poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu, hariri huwa majivu. Inayofaa ni ile inayoyeyuka.

Weka mchoro chini ya kioo, oganza juu yake, mistari itaonekana. Kata kwa kile chuma cha umeme chenye ncha nyembamba anachotumia fundi redio kuungia nyaya. Joto linakata na kuziba ukingo papo hapo, nyuzi hazichomoki. Usikawie mahali pamoja, tundu litapanuka. Fungua madirisha, moshi wake si mzuri kuvuta.

Hatua ya 5: Unganisha

Panga vibendera ubavu kwa ubavu kwenye ukingo wa chini wa sketi, jina likae mbele. Piga bandi kwanza, kisha pitisha cherehani na ovaloki. Malizia zipu na mkanda wa kiuno.

Kwa maua, kata ukanda wa oganza ya chungwa wa sentimita 8 kwa 100, ukunje kwa urefu, chanja kingo zilizo wazi, zipitishe karibu na mwali wa mshumaa zijikunje. Shona kwa mkono upande wa mkunjo, vuta uzi, zungushia. Matatu kiunoni yanatosha.

Fua kwa mkono kwa maji baridi, na oganza usiipige pasi bila kuifunika kitambaa.