Vyuma Vitangulie, Mbio Zifuate: Kutoa Kitambi Bila Kumaliza Misuli

Anayetaka kutoa kitambi hapa Mombasa mara nyingi huanza kwa kukimbia kando ya bahari pale Mama Ngina kila alfajiri na kula mara moja kwa siku. Mizani inashuka kweli. Baada ya miezi miwili shati linapwaya mabegani, na kitambi bado kipo. Mwili ulionyimwa chakula hauoni haja ya kutunza msuli usiobeba mzigo, basi unautumia pamoja na mafuta. Chakula ndicho kinachopunguza mafuta, vyuma vinalinda msuli, na mbio zinakisaidia chakula. Ukizipa mbio kazi ya vyuma, umeharibu hesabu.

Hatua ya 1: Pima. Panda mizani asubuhi ukishatoka msalani, kabla ya kunywa chochote, siku tatu kwa wiki, kisha chukua wastani. Zungusha tepu kwenye kitovu bila kuvuta tumbo ndani. Halafu nunua daftari, maana ndilo kipimo cha tatu na ndilo litakaloamua mengi: kila siku ya vyuma andika kilo na idadi ya marudio.

Hatua ya 2: Chakula. Punguza kalori 300 hadi 500 kwa siku, si zaidi. Kasi nzuri ni kupungua asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito wako kwa wiki. Mwenye kilo 80 apungue gramu 400 hadi 800. Protini iwe gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya mwili. Kwa huyu wa kilo 80, takriban gramu 130 zinatosha: mayai matatu (18), samaki aliyepikwa gramu 200 (45), kidari cha kuku gramu 150 (45), kikombe cha maharagwe (15), glasi ya maziwa (8).

Pa kupunguza panajulikana. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori 120 hivi, na kikombe cha tui zito kinapita 400. Mbaazi za nazi usiziache, lakini tui liwe jepesi na mahamri yawe mawili badala ya matano. Samaki wa kuchoma apewe ndimu na pilipili, wa kupaka angoje wikendi.

Hatua ya 3: Vyuma, siku 3 kwa wiki. Kila siku fanya mwili mzima: skwati (kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na mzigo), kusukuma kwa kifua, kuvuta kuelekea kifuani, kusukuma juu ya kichwa. Siku moja badilisha skwati kwa kuinua chuma kutoka sakafuni. Seti (mizunguko) 3 za marudio 6 hadi 12, ukipumzika dakika 2 au 3 kati ya seti. Simamisha seti ukiwa umebakiwa na rudio moja au mawili mwilini.

Hapa ndipo wengi huteleza. Wakianza kupunguza mwili wanashika dambeli nyepesi na kufanya mara 30 "ili kuchonga". Msuli unachongwa na chakula. Uzito ulioujenga ndio utakaoutunza. Ukichoka, punguza seti, lakini kilo ziache palepale.

Hatua ya 4: Mbio. Anza na siku 2 au 3, dakika 25 hadi 40, kwa kasi inayokuruhusu kuongea sentensi nzima. Mbio za kasi (sekunde 30 kali, dakika 2 taratibu, mara 6) mara moja tu kwa wiki, na isiwe mkesha wa skwati. Ukilazimika kufanya vyote siku moja, acha saa 6 katikati. Nafasi ikikosekana, vyuma kwanza.

Mwaka 1980 mtafiti Robert Hickson alichapisha jaribio la wiki 10: kundi moja lilinyanyua vyuma siku 5 na kufanya mazoezi ya pumzi (mbio na baiskeli) siku 6 kwa wiki. Nguvu za miguu zilipanda hadi kama wiki ya 7, zikakwama, mwishoni zikashuka. Dozi yao ilikuwa kubwa mno. Kwa dozi ya hapa juu usiwe na hofu.

Hatua ya 5: Joto la pwani. Unyevu ukiwa mwingi jasho halikauki, mwili haupoi, moyo unakwenda mbio ingawa kasi ni ileile. Toka kabla jua halijapanda, na ufuate pumzi badala ya saa ya mkononi. Pima uzito kabla na baada: kilo 1 iliyopungua ni kama lita 1 ya maji, wala si mafuta. Wale wanaojifunga nailoni tumboni wanapunguza maji hayohayo, na wanajitafutia kuzimia.

Hatua ya 6: Soma daftari. Kiuno kinapungua na kilo za skwati zimesimama: usiguse kitu. Kilo za skwati zimeshuka wiki mbili mfululizo: ondoa siku moja ya mbio au rudisha kalori 150. Kiuno hakijasogea wiki tatu: ongeza kwanza matembezi ya dakika 20 kila siku, kabla hujapunguza chakula zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kocha, nikikimbia bila kula si mafuta yanaungua zaidi?*
Wakati ule wa kukimbia, ndiyo kidogo. Lakini kalori za siku zikiwa sawa, mwisho wa mwezi huoni tofauti. Kula kwanza au usile, fuata tumbo lako.

*Sina jimu, nipo Kisauni.*
Mtungi wa lita 20 uliojaa ni kilo 20. Ukumbatie kifuani ufanye skwati, uushike mkono mmoja uvute kuelekea kiunoni. Pushapu zikiwa rahisi, vaa begi lenye vitabu.

*Ramadhani je?*
Vyuma baada ya tarawehe, siku 2 au 3, seti 2 badala ya 3. Kabla ya magharibi tembea tu. Protini igawe futari, baada ya tarawehe na daku. Mwenye kisukari aonane na daktari wake kwanza.

*Mimi ni mwanamke, sitaki mabega ya kiume.*
Dada, hayo huchukua miaka na chakula kingi, nawe umepunguza chakula. Nyanyua.

*Nakimbia ufuoni Nyali, goti la kushoto linauma, la kulia halina neno.*
Ufuo una mteremko, mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwingine. Ngoja maji yapwe, kimbia kwenye mchanga mgumu ulio tambarare, na urudi kwa njia uliyoendea ili miguu ipokezane. Maji yakijaa, hamia barabarani. Likivimba, acha mbio ukaonwe.