Kurusha Mshipi wa Nzi Bandia: Mwongozo kwa Anayeanza

Mvuvi anayerusha mshipi kutoka kwenye mwamba wa pwani hutegemea chubwi. Risasi ile ndiyo yenye uzito, na inaporuka huburuta uzi nyuma yake hadi itue. Katika uvuvi wa nzi bandia kazi hiyo imehamia kwingine. Nzi bandia ni ndoana ndogo iliyovalishwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu, nayo ni nyepesi mno kuweza kuvuta chochote. Uzito umo ndani ya mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umepakwa plastiki. Unachorusha ni mshipi. Nzi anafuata mkiani.

Jambo hilo ndilo linalowaponza wengi wanaoanza, hasa waliozoea chubwi. Wanatupa kwa nguvu za bega kama mtu arushaye jiwe, na mshipi unawaangukia kichwani. Fimbo ya nzi ni kama upinde: inapinda kwa sababu mshipi unaivuta, kisha unapousimamisha mkono ghafla inanyooka na kuusukuma mshipi mbele. Bila kusimama hakuna msukumo. Na bila kusubiri mshipi unyooke nyuma yako, hakuna uzito wa kuipinda fimbo unapokuja mbele. Kusimama na kusubiri: karibu kila kosa utakalolisoma hapa chini linarudi kwenye mojawapo ya hayo mawili.

Mwongozo huu umelenga mito midogo ya baridi ya milimani Kenya: Gura katika milima ya Aberdare, ambamo trauti, samaki wa maji baridi, kutoka Uskoti walipandwa mwaka 1905, na mito ya Mlima Kenya kama Thego, Naro Moru na Burguret. Lakini somo la kwanza lifanyike mbali na mto. Uwanja wa mpira wenye nyasi ni mahali bora kabisa, kwa kuwa hakuna samaki wa kukushughulisha wala kijiti cha kunasa. Usifanyie mazoezi kwenye lami au changarawe. Plastiki ya mshipi itachunika, na mshipi uliochunika hautelezi kwenye pete za fimbo unamopita.

Vifaa

Fimbo yenye urefu wa futi 9 (mita 2.7), ya namba 5, inamfaa karibu kila anayeanza. Namba hiyo huandikwa juu ya mpini na inaeleza uzito wa mshipi unaoifaa fimbo. Mita 9 za mwanzo za mshipi wa namba 5 zina uzito wa takriban gramu 9. Mshipi wa namba 8, wa samaki wakubwa wa baharini au wa mito mikubwa, hufika karibu gramu 14 kwa urefu huohuo. Ukifunga mshipi wa namba 3 kwenye fimbo ya namba 5, fimbo haitapinda na utadhani huna kipaji. Namba zilingane.

Nunua mshipi unaoelea, ulio mnene upande wa mbele. Kwenye kifurushi huandikwa WF5F. Nyuma yake, ndani ya rili, yaani gurudumu la kuzungushia mshipi, hufungwa uzi wa akiba, na mbele yake hufungwa lida, yaani uzi wa nailoni usioonekana kwa urahisi majini, mnene upande wa mshipi na mwembamba upande wa nzi. Lida ya futi 9 inatosha. Kwenye ncha ya lida ongeza kipande cha nusu mita cha uzi wa unene wa milimita 0.18, uuzwao kwa alama ya 4X. Ili kuunganisha, laza nyuzi mbili sambamba, zifunge pamoja fundo la kawaida, pitisha ncha mara ya pili katika tundu lilelile, lowesha kwa mate, kisha kaza polepole. Fundo likikazwa kavu, nailoni hupata joto na kudhoofika.

Unapopitisha mshipi kwenye pete za fimbo, ukunje uwe maradufu na upitishe ule mkunjo badala ya ncha ya lida. Ukikuponyoka, mkunjo utanasa kwenye pete na mshipi hautarudi wote chini. Ni jambo dogo, ila linaokoa dakika nyingi za hasira.

Kwa mazoezi usifunge ndoana. Funga kishada cha sufu chenye rangi kali, machungwa au njano, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Vaa kofia na miwani hata hivyo: ncha ya lida inayokuja kwa kasi inaweza kuumiza jicho.

Kushika na kusimama

Shika mpini kama unavyopeana mkono na mtu, kidole gumba kikiwa juu yake, kimeelekea kwenye ncha ya fimbo. Usiukamate kwa nguvu. Mkono uliokakamaa huchoka baada ya dakika 5, na ukichoka kifundo cha mkono huanza kulegea. Kiwiko kiwe karibu na mbavu bila kubanwa. Kama unatumia mkono wa kulia, tanguliza mguu wa kushoto. Ukisimama hivyo unaweza kugeuza kichwa na kuutazama mshipi nyuma yako, na tunakusihi uutazame kila mara katika wiki za mwanzo. Anayetazama mbele tu anabahatisha muda wa kusubiri.

Vuta mshipi kutoka kwenye rili na uunyooshe mbele yako kwenye nyasi, mita 7 hadi 8 kutoka ncha ya fimbo, ukiongeza na lida. Pungufu ya hapo uzito hautoshi kuipinda fimbo. Kama mshipi umejikunjakunja kwa kukaa muda mrefu ndani ya rili, uvute kati ya mikono miwili, mkono mmoja baada ya mwingine, mpaka unyooke. Ubane chini ya kidole cha shahada cha mkono wa fimbo usiteleze.

Kuinua na kulaza

Huu ndio mrusho wa msingi. Wafundishaji hutumia uso wa saa kuueleza, na sisi Waswahili tuna haja ya kuwa waangalifu kidogo: wanaposema 10 na 1 wanataja namba zilizoandikwa kwenye saa. Kwa hesabu yetu, mkono wa saa ukiwa hapo ni saa nne na saa saba. Mchukulie mtu anayekutazama kutoka ubavuni huku umeelekea kushoto kwake. Fimbo iliyosimama wima imeelekea saa sita, ikilala mbele kidogo ni saa nne, ikipita nyuma kidogo ni saa saba.

Anza ncha ya fimbo ikiwa chini kabisa, karibu iguse nyasi, na mshipi umenyooka bila ulegevu. Inua fimbo polepole kwanza, mpaka mshipi wote uanze kutambaa kuja kwako. Ongeza kasi taratibu bila kukatiza, halafu simamisha ghafla fimbo inapofika saa saba, au kabla kidogo. Ghafla kweli: kama mtu anayekung'uta maji kutoka kwenye brashi ya rangi. Mshipi utapita juu ya kichwa chako ukifanya kitanzi kinachofunguka kuelekea nyuma.

Sasa subiri. Fimbo imetulia, wewe umegeuza kichwa, mshipi unafunguka. Unapobaki mkunjo mdogo tu karibu na lida, anza kuja mbele. Kwa mita 8 za mshipi muda huo haufiki sekunde 1, lakini kwa mgeni huonekana mrefu sana, na ndiyo maana wengi wanaukata. Mshipi ukiwa mrefu zaidi, kusubiri nako kunarefuka.

Mbele ni vilevile: anza polepole, ongeza kasi, simamisha ghafla saa nne. Lenga kituo kilicho juu, kimo cha macho yako, wala si kwenye nyasi penyewe. Kitanzi kikishafunguka hewani, shusha ncha ya fimbo taratibu ukiufuata mshipi unavyoanguka. Ukifanya sawasawa, kishada cha sufu kitatua mwisho, kwa utulivu, kikiwa mbali kuliko sehemu yoyote ya mshipi.

Rudia hivyo dakika 15 kwa siku, siku tatu au nne kwa wiki. Saa mbili za mfululizo Jumamosi hazilingani na hizo. Baada ya nusu saa mwili hujifunza uchovu tu. Ukishaona vitanzi vyako vinafanana, weka kofia au beseni mita 6, 8 na 10 mbele yako uanze kulenga. Usihangaikie mita 20. Kwenye vijito vya Aberdare upana wa maji wenyewe mara nyingi haufiki hapo.

Kinachoharibika, na kwa nini

Kosa la kwanza kwa wingi ni kifundo cha mkono kukunjika kuelekea nyuma. Fimbo inapita saa saba, inafika saa nane au tisa, mshipi unapiga nyasi nyuma, na kitanzi cha mbele kinakuwa kipana kama mlango. Kitanzi kipana hupoteza nguvu na upepo hukishinda. Dawa yake ni rahisi: chukua kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, funga kitako cha fimbo kwenye mkono karibu na kiwiko, bila kubana sana. Kifundo kikijaribu kukunjika, mpira unakukumbusha. Fanya mazoezi hivyo kwa siku chache kisha uufungue.

Ukisikia mlio wa mjeledi nyuma yako, umekuja mbele mapema. Mshipi ulikuwa bado unakwenda nyuma ukaugeuza kwa nguvu. Uwanjani utasikia mlio tu. Mtoni nzi hukatika, nawe utavua saa nzima bila ndoana kabla hujagundua.

Kosa linalowasumbua hata wazoefu ni kitanzi kujikata: lida inashuka na kupita chini ya mshipi, inanasa, na baadaye unakuta vifundo vidogo kwenye uzi. Watu husingizia upepo. Sababu halisi kwa kawaida ni nguvu kuingizwa kwa kishindo mwanzoni mwa mrusho, au fimbo kutambaa mbele polepole wakati wa kusubiri, hivyo nafasi ya kuharakisha ikabaki fupi mno. Ncha ya fimbo inazama katikati ya safari yake badala ya kupita mstari ulionyooka. Tuliza mkono wakati wa kusubiri, na weka kasi kubwa mwishoni kabisa, kabla tu ya kusimama. Vifundo hivyo usiviache. Huipunguzia nailoni nguvu sana. Kata kipande, funga kingine.

Mshipi ukirundikana mbele yako bila kunyooka, angalia kama ulianza ncha ikiwa juu. Ulegevu wa mshipi hula nusu ya mrusho kabla fimbo haijapinda. Au hukusimama mbele, ulifagia fimbo hadi chini.

Kuongeza urefu

Mrusho wa msingi ukitulia, jifunze kuachia mshipi. Mkono wa kushoto ushike mshipi chini ya pete ya kwanza, huku mita 2 za ziada zikining'inia. Rusha kama kawaida, simamisha fimbo mbele, na baada ya kusimama ndipo uachie. Ukiachia kabla, nguvu yote inavujia mkononi. Mirusho ya hewani bila kutua isizidi miwili au mitatu. Kila mmoja wa ziada ni nafasi ya kukosea na ni kivuli kinachowatisha trauti.

Pasipo na nafasi nyuma

Kwenye mito yetu ya milimani, mianzi na vichaka husimama mpaka ukingoni. Hapo mrusho wa kuviringisha una thamani kuliko mingine yote, na haupaswi kuachwa kwa siku za baadaye. Unahitaji maji, kwani maji ndiyo yanayoushika mshipi. Kwenye nyasi kavu unateleza tu. Bwawa dogo linafaa.

Vuta fimbo nyuma taratibu, mshipi ukiteleza juu ya maji, hadi mkono ufike usawa wa sikio na fimbo iwe imelala nyuma kidogo. Simama kabisa. Mshipi utaning'inia nyuma ya bega lako ukitengeneza umbo la herufi D na fimbo, na ncha yake ikiwa bado majini. Kisha rusha mbele ukiongeza kasi na usimame juu, saa nne ileile. Mshipi utajiviringisha juu ya maji hadi mwisho. Anayeshindwa hapa kwa kawaida hakusimama nyuma, au ameikata fimbo chini kama anayepasua kuni.

Upepo ukivuma kutoka upande wa mkono wako wa fimbo, utausukuma mshipi usoni. Inamisha fimbo ipite juu ya bega la upande wa pili, au geuka uelekeze mgongo mtoni na utumie mrusho wa nyuma kumfikisha nzi majini.

Siku ya kwenda mtoni, kata leseni ya uvuvi mapema, na kama mto uko ndani ya hifadhi uliza kuhusu askari wa kukusindikiza, maana nyati na tembo hunywa maji hayohayo. Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET huyeyusha plastiki ya mshipi: ipake kwa mgongo wa kiganja, kisha nawa vidole kabla ya kushika vifaa. Jioni futa mshipi kwa kitambaa laini chenye maji vuguvugu na sabuni kidogo, uukaushe, ndipo uuzungushe kwenye rili.