Jinsi ninavyowasimulia watoto ngano za Kigiriki za tamaa

Kosa la kwanza, nami nililifanya miaka mingi, ni kumtukana mfalme kabla hajafanya lolote. "Hapo kale palikuwa na mfalme mmoja mwenye tamaa, jina lake Midas." Basi, hadithi imekwisha hapo. Mtoto ameshamjua mbaya ni nani, ameshajua kwamba si yeye, na macho yake yamehamia kwenye sahani ya mahamri.

Nilisomesha shule ya msingi mpaka nikastaafu. Siku hizi, baada ya Isha, wajukuu zangu na watoto wa majirani hukusanyika kwenye daka letu hapa Langoni, mtaa wa Amu (Lamu), na ngano wanazozitaka mara kwa mara ni zile za Wagiriki wa kale. Ukitaka kuwasimulia wako, shika jambo moja: msikilizaji aitamani ile dhahabu kwanza. Ukimnyima hamu hiyo, atakaa kama hakimu, atahukumu na kwenda zake kulala.

Kwa hiyo Midas mwanze na wema wake. Alikuwa mfalme wa Frigia, nchi ambayo leo imo ndani ya Uturuki. Wakulima walimletea mzee aliyepotea njia, Silenus, mlezi wa Dionysus, mungu wa mvinyo. Midas akamkirimu siku kumi, usiku na mchana, na siku ya kumi na moja akamrudisha kwa Dionysus. Mtoto wa Amu anajua mgeni hukirimiwa vipi, kwa hiyo hapo tayari anampenda mfalme. (Ukweli ni kwamba Silenus alikuwa amelewa. Hilo mimi naliruka. Mzee aliyepotea njia anatosha.) Na habari ya miungu isikutie wasiwasi. Sema mara moja tu mwanzoni, "Wagiriki wa zamani waliamini hivi," kisha endelea. Jirani yetu mwalimu wa madrasa alisikiliza hadithi nzima amesimama mlangoni, halafu akawaongezea watoto kisa cha Qaruni, ambaye funguo za hazina zake zilikuwa mzigo mzito kwa kundi la watu wenye nguvu. Wakapata mbili usiku mmoja.

Sasa Dionysus, kwa shukrani, anamwambia Midas: omba utakacho. Hapa simama. Waulize watoto, mmoja mmoja, na usimsahihishe yeyote. Kwangu mmoja alitaka boti yenye injini ya Yamaha, mwingine alitaka Jumatatu isije. Mjukuu wangu wa pili akafikiri, akasema, "Mimi ningeomba kila nitakachoomba nipewe." Nikajua mfalme wetu wa usiku huo tumempata.

Midas yeye aliomba kila atakachogusa kigeuke dhahabu. Ovid, mshairi wa Kirumi aliyeisimulia ngano hii yapata miaka 2,000 iliyopita, amepanga vitu vizuri mno, na nakushauri ufuate mpango wake: kwanza kijiti, kisha jiwe, bonge la udongo, masuke ya ngano, tofaa (mimi nasema embe), halafu nguzo za nyumba. Nikifika kwenye nguzo nawaambia wainuke wakaguse miimo ya mlango wetu, yenye nakshi iliyochongwa kabla babu yangu hajazaliwa. Wanaugusa na kupiga kelele. Waache. Usiharakie adhabu, furaha yenyewe ndiyo hadithi.

Kisha leta chakula cha kweli. Kila mtoto apewe kipande cha mkate wa mofa, aambiwe asile mpaka umalize unachosema. Mwambie mkate umekuwa mgumu menoni, na maji yamefika kooni yakiwa dhahabu iliyoyeyuka. Nyamaza kidogo, wausikie mkate ulivyo mikononi mwao. Mtoto aliyewahi kufunga Ramadhani hata nusu siku hahitaji kufafanuliwa.

Waliosoma vitabu watakwambia kuna binti wa Midas aliyegeuka sanamu ya dhahabu. Huyo kwa Ovid hayumo. Mmarekani Nathaniel Hawthorne ndiye aliyemfanya maarufu, katika karne ya 19. Mimi namwacha nje. Akiingia binti, watoto wanamlilia yeye na kuisahau njaa, na njaa ndiyo inayouma zaidi.

Dawa yake ilikuwa mto. Midas aliambiwa aufuate Pactolus hadi kwenye chemchemi, atie kichwa na mwili. Dhahabu ikamtoka, ikaingia mchangani. Wakubwa watauliza kama ni kweli. Wajibu kwamba mto ule upo, ulipita mji wa Sardis, ulikuwa na dhahabu kwelikweli, na wafalme wa Lidia waliotawala hapo ni miongoni mwa watu wa kwanza duniani kupiga sarafu. Ukiona bado hawana usingizi, wape na masikio ya punda ambayo Midas aliota baadaye, kwa kuhukumu vibaya mashindano ya muziki. Katika mji wenye punda wengi kama wetu, hapo hutapata utulivu tena.

Ya Erysichthon iweke mbali na usiku. Huyo alikata mti mtakatifu wa Demeter, mungu wa kike wa mavuno, akatiwa njaa isiyoshiba, akala mali yake yote, akamuuza bintiye, mwisho akajitafuna mwenyewe. Niliisimulia siku moja umeme umekatika, nikaona nimefanya kazi nzuri sana. Asubuhi mama mmoja akaja, kwa adabu zake zote: "Bibi, mwanangu hataki kula. Umemwambia nini?" Tangu hapo ni ya mchana, na ya wenye miaka kumi na miwili kwenda juu.

Mabinti wakubwa wape Eriphyle, aliyehongwa mkufu ili amshinikize mumewe Amphiaraus aende vita vya mji wa Thebes, naye mume alijua hatarudi. Usiisimulie peke yake. Iweke kando ya kisa chetu cha mwana wa Fumo Liyongo, aliyeahidiwa cheo na mke na mfalme wa Pate, akamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba. Kisha uliza swali moja tu: nani kati yao alinunuliwa kwa bei rahisi? Kwangu walibishana mpaka chai ikapoa.

Lakini ninayoipenda kupita zote ni ya mfuko wa pepo, na hiyo namwachia mume wangu, nahodha wa jahazi kwa umri wake wote. Aeolus, mlinzi wa pepo za baharini, alimpa Odysseus, nahodha aliyekuwa akirudi kwao kutoka vita vya Troy, mfuko wa ngozi ya ng'ombe, ndani yake zimefungwa pepo zote mbaya, umekazwa kwa uzi wa fedha. Akauacha nje upepo wa magharibi tu uwapeleke kwao Ithaca. Siku tisa Odysseus hakumwachia mtu demani, kamba ya kuongozea tanga, akaishika mwenyewe. Mume wangu akifika hapo huonyesha mikono yake, makovu ya kamba bado yapo. Siku ya kumi wakaiona nchi yao, wakawaona hata watu wakikoka moto. Waambie watoto: ni kama umeshaziona taa za Shela, kijiji jirani yetu. Hapo nahodha akalala kwa uchovu.

Mabaharia wakaanza kunong'ona. Yeye anarudi na mali ya Troy na sasa ana mfuko huu, sisi tunarudi mikono mitupu. Wakaufungua. Pepo zikatoka zote, merikebu zikarudi zilikotoka, na Aeolus akakataa kuwasaidia tena.

Usiamue kosa ni la nani. Mume wangu husema kosa ni la nahodha, kwani baharia ana haki ya kujua shehena. Watoto humpinga: hata wangeambiwa wangefungua. Mimi nakusanya vikombe. Juzi yule mjukuu wangu wa pili alikuwa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mimi ningefungua kidogo tu, nichungulie."